Sifuri ya Fundi Djamali

Vyerehani vilifika Kasongo kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama anataka kushona. Vilikuja kumi, juu ya lori lililolala njiani majuma matatu kwa sababu ya matope, pamoja na mapipa ya kutengenezea sabuni na masanduku ya randa na misumeno. Nguruwe walinunuliwa huku huku, kumi pia, wakafungiwa nyuma ya ukuta wa gereza. Vilipokwisha kupangwa vyote ndipo shirika la Njia Safi likakumbuka kwamba lilikuja kwa ajili ya watu.

Kazi ya kuwatafuta watu hao alipewa Consolée. Alikuwa mama wa miaka thelathini na minane, Mzimba, kabila la hapo hapo, msaidizi wa jamii aliyesomea Kindu na kurudi na cheti chake akikishika kwa mikono miwili. Shefu wake, Magloire, alimweleza mambo kwa kifupi. Wafungwa arobaini. Programu nne, watu kumi kila moja: kushona, sabuni, useremala, nguruwe. Kila mfungwa aulizwe maswali sitini, apewe alama, kisha apangiwe programu inayomfaa. Atakayemaliza miezi mitatu atapata barua yenye muhuri, na barua hiyo ndiyo itakayobeba ombi lake la kuachiliwa kabla ya muda. Maombi yenyewe Consolée aliyakusanya siku ya kwanza, arobaini, mengine yamewekwa kidole gumba badala ya saini, akamkabidhi Magloire, naye akayafungia kabatini. Yatangoja barua, alisema.

Neno hilo, "inayomfaa", Consolée aliliamini. Wiki ya kwanza alikaa na wafungwa mpaka mgongo ukauma. Aliwauliza wanatoka wapi, walifanya kazi gani, nani anawaletea chakula, nani anawangoja. Wiki ya pili Magloire akampa orodha ya nafasi zilizobaki, na Consolée akagundua kwamba maswali sitini yalikuwa ya kumfurahisha anayeuliza. Mtu wa mwisho kwenye foleni hafai kitu kingine ila kile kilichobaki. Mvuvi wa Nyangwe akawa seremala. Mchimba dhahabu wa Lusangi, aliyekatika vidole vitatu vya mkono wa kulia, akapewa randa. Mtu akitaka kuona maajabu asiende mbali.

Kisha akaingia Fundi Djamali.

Nani hapa mjini asiyemjua Fundi Djamali? Baraza lake lilikuwa karibu na msikiti, na hakuna harusi ya mjini iliyopita bila mtu kuvaa kazi ya mkono wake. Hata sare ya kwanza ya Consolée alipoanza sekondari ilishonwa pale. Alikuwa mpole, ila ulimi wa mtu ulimshinda siku moja tu: mteja alimwita mama yake mwizi wa vitambaa, mbele ya watu, na fundi akamrushia pasi ya makaa. Mteja akaungua bega na shingo. Djamali hakukimbia, yeye mwenyewe alimmwagia maji, akamkalisha, akangoja polisi. Kifungo miaka mitatu. Sasa alikuwa amekula mwaka mmoja na miezi miwili.

"Kitu kimoja tu nakuomba, Mama Consolée," alisema alipoketi. "Mama yangu iko Wamaza, iko mugonjwa, miguu imevimba. Mi ndiye mutoto mwanaume mmoja tu. Nipange popote, mradi nitoke nimuone."

"Na kazi unajua gani?" Consolée aliuliza, kwa sababu fomu ilitaka aulize.

Djamali akacheka. "Wee mama! Miaka makumi tatu nashona, na wewe unaniuliza?"

Consolée akaandika ukweli, akapeleka fomu ofisini. Magloire akaisoma, akaizungusha kalamu.

"Huyu haingie kushona. Proje inapokea wale hawajui. Akishajua, tutamufundisha nini? Sabuni imejaa, mbao imejaa. Nafasi iko kwa nguruwe."

"Shefu, huyu ni Muislamu."

"Fishi haiulize dini. Sisi hatubague mutu."

Alisema hivyo kidole kikiwa juu ya fomu, bila kutabasamu, na hapo ndipo Consolée alipoona kinyaa kwa mara ya kwanza, kinyaa cha kweli, kama mtu aliyekuta unywele ndani ya ugali. Tayari walikuwepo Waislamu wawili kwenye orodha ile. Mmoja, mzee Hemedi, alisimama siku ya kwanza mlangoni mwa zizi, akafunika pua kwa kanzu, akarudi zake, na kwenye fomu yake pakaandikwa: hana nia ya kubadilika. Kweli hana nia. Mzee wa miaka sitini na mitano abadilike awe nani?

Basi Consolée akafanya kile ambacho huku kwetu kila mtu hufanya anapotaka kumsaidia mwenziwe mbele ya karatasi. Mtoto hajatimiza umri wa shule, anaongezewa mwaka. Mjane hana cheti cha ndoa, anatafutiwa cha jirani. Karatasi ni kama mlango mfupi. Unainama, unapita, unanyooka upande wa pili. Alichukua fomu mpya, na pale palipoandikwa "ujuzi wa kushona kabla ya programu" akaweka sifuri, na Magloire akaipitisha bila kuuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Alimweleza Djamali, naye akamshukuru kwa mikono miwili.

"Miezi mitatu nitajifanya mujinga," alisema. "Si kitu. Nyumbani kwangu nimejifanya hivyo miaka mingi."

Mwalimu wa kushona aliitwa Pierre, mtoto wa dada yake Magloire, kijana mwenye viatu vilivyochongoka aliyejifunza cherehani kwa wiki mbili. Siku ya tatu uzi ulimkatikia, akageuza gurudumu huku na huku mpaka sindano ikavunjika. Djamali alivumilia, alivumilia, mwisho akasogea, akamtilia uzi, akarudi kukaa kama mwanafunzi. Tangu siku hiyo Pierre alikuwa akifika saa nne, akilala kwenye kiti, na fundi ndiye aliyefundisha wale tisa. Walijua kukata shingo ya shati, walijua kuweka mfuko, mmoja akaanza kushona hata suruali. Miezi mitatu ilipokwisha mtihani ukafanywa. Djamali alipata kumi na tisa kwa ishirini. Ile moja Pierre aliizuia kwa heshima ya mwalimu.

Consolée akaenda kwa Magloire kuchukua barua. Akamkuta anachora mistari ya rangi kwenye karatasi kubwa, mstari mmoja ukipanda kuliko yote.

"Umeona hii?" Magloire aliuliza. "Sifuri mpaka kumi na tisa! Hata Bukavu hawana resulta kama hii. Wale wakubwa wa Kinshasa wanakuja kwa vizite. Huyu ndiye tutaonyesha."

"Barua yake, shefu."

"Akishaonekana na wageni, atapata barua. Wote watapata siku moja. Ni wiki mbili tu."

Wiki mbili zikawa mwezi, kwa kuwa ndege haikutua. Mvua ilikuwa imelala kwenye uwanja. Mwezi ukawa miwili, kwa kuwa wakubwa walikuwa na mkutano. Kila mara tangazo lilipokuja, wafungwa walifagia ua, wakafundishwa upya wimbo wa kukaribisha, na Djamali akapewa shati jeupe la kuvaa, ambalo jioni lilivuliwa na kurudishwa ofisini lisichafuke. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni hakuja, na wenyeji walizidi kukonda.

Faida, dada yake Djamali, akafika kutoka Wamaza juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia gerezani kwanza. Aliingia ofisini kwa Consolée, akabaki amesimama.

"Mama hale tena," alisema. "Anauliza tu, Djamali iko njiani? Kila siku namwambia iko njiani. Mi nimechoka kudanganya mugonjwa. Niambie, dada yangu, atatoka siku gani?"

Consolée akavuka ua, akaingia kwa Magloire bila kubisha. Alimwomba, na kuomba si kazi aliyoizoea. Alimwambia mama yule anakufa, barua ni karatasi moja, muhuri uko hapo juu ya meza.

"Consolée, we unafikiri mi ni mutu mubaya," Magloire alisema, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa. "Lakini nikimutoa huyu, nitaonyesha nani? Hemedi? Hii proje ikifa, hawa arobaini wote wanakufa nayo. Lazima mutu mumoja avumilie kwa ajili ya wengine."

Alikuwa akila karanga. Alizimenya huku akisema, maganda akiyapanga pembeni vizuri, na Consolée akayaangalia maganda yale. Alitoka akatema mate nyuma ya ofisi.

Bi Aicha, mama yake Djamali, alikufa siku ya Jumanne, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya laasiri kama ilivyo desturi. Waliomteremsha kaburini walikuwa wajukuu na majirani. Habari ilifika gerezani siku ya Alhamisi. Djamali hakulia mbele za watu. Aliomba maji ya kutawadha, akajipanga uani pamoja na wenzake wa dini, watu kumi na wanane, wakamsalia marehemu asiyekuwepo, wamesimama bega kwa bega wakielekea kibla. Na kibla, kwa bahati mbaya ya ramani ya mtu fulani, ilikuwa upande wa zizi. Nguruwe walikuwa na njaa. Walipiga kelele tangu takbira ya kwanza mpaka salamu ya mwisho, na harufu ikaja na upepo juu ya watu waliokuwa wakimwombea mama wa watu. Consolée aliyeyatazama hayo kutoka mlangoni hakuwa Mwislamu, na machozi yalimtoka kwa hasira.

Siku kumi baadaye wageni wakafika.

Mkubwa wao aliitwa Madame Yvette, mwanamke nadhifu mwenye daftari dogo, na hakuwa mtu wa dharau. Aliuliza majina, aliinama kuwasalimia waliokaa chini. Magloire alimwongoza mpaka kwenye cherehani cha Djamali. Mstari wa rangi ulibandikwa ukutani juu ya kichwa cha fundi, na shati jeupe lilikuwa limempwaya, maana alikuwa amekonda.

"Huyu mwanaume," Magloire alisema kwa sauti ya mimbari, "alipofika kwetu hakujua kushika sindano."

Madame Yvette akamgeukia. "Ulijifunza nini kwanza, baba?"

Djamali alimtazama Consolée. Haikuwa lawama. Alikuwa akimwangalia kama mtu anayeangalia asije akamkanyaga mwenziwe. Kisha akainamisha macho.

"Kuingiza uzi, madame," alijibu.

Watu wakapiga makofi. Pierre akainamisha kichwa kama aliyepongezwa. Madame Yvette akaandika, akasema mfano kama huu usipotee, ingefaa abaki na awamu ya pili, miezi sita tu, wengine wajifunze kwake. Magloire akasema ndiyo kabla hajamaliza.

"Hapana," Consolée akasema.

Hakuwa amepanga kusema. Sauti ilitoka yenyewe, kubwa kuliko alivyotaka. "Huyu ni fundi tangu makumi tatu ya miaka. Mi mwenyewe nilivaa nguo yake. Ile sifuri niliandika mimi, kwa mukono wangu, asitupwe kwa nguruwe. Amefundisha hapa watu tisa na mwalimu wao. Na mama yake amekufa akimungoja, kwa sababu tulitaka mumuone ninyi."

Nyuma ya ukuta nguruwe wakakoroma. Madame Yvette akafunga daftari lake polepole. Alionekana kuumia, na Consolée akadhani sasa, sasa jambo litanyooka.

"Kwa hiyo matokeo haya si ya kweli," alisema Madame Yvette. "Basi tuyatoe kwenye ripoti." Akaendelea kwenye sabuni.

Jioni ile Magloire hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyedanganya kwenye fomu hana barua, hiyo ni kanuni, na kwamba Consolée yeye amemsamehe kwa kuwa ana watoto. Msamaha huo ulimchukiza Consolée kuliko matusi.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, alikwenda kwa miguu mpaka kwa mwendesha mashtaka, mama mmoja wa makamo aitwaye Pascaline, aliyekuwa akipanga mafaili kwenye dirisha. Alikuwa amejitayarisha njia nzima. Alimwambia yote, sifuri, mtihani, wageni, akamaliza kwa kumsihi: je, fundi anaweza kuachiliwa hata bila barua ya Njia Safi?

Mama Pascaline alimsikiliza mpaka mwisho huku amekunja uso.

"Barua gani?"

"Barua ya kumaliza programu."

"Sheria haiulize barua ya programu. Inauliza robo ya kifungo imeisha, na mwenendo mwema. Huyu robo yake imeisha zamani. Alete ombi, mi nalituma. Ombi lake iko wapi?"

Consolée akalikumbuka kabati la Magloire.

"Tangu hii proje yenu imefika, sijaona ombi hata moja kutoka kule," Mama Pascaline aliendelea. "Nikasema, pengine wafungwa wamezoea."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mtu aliyewahi kuiomba barua ile. Magloire aliifikiria mwenyewe, au aliikuta kwenye andiko lililonakiliwa kutoka nchi nyingine, akaigongea muhuri, na kwa sababu ya muhuri hakuna aliyeuliza. Wala mkuu wa gereza, wala wafungwa, wala Consolée mwenye cheti cha Kindu. Huku kwetu kitu chenye muhuri hakiulizwi kilizaliwa wapi. Angemwacha Djamali peke yake na ombi lake, fundi angekuwa Wamaza akimlisha mama yake uji.

Siku hiyo hiyo aliandika ombi jipya, Djamali akatia saini, mkuu wa gereza akaongeza maneno mazuri. Lilienda Kindu, likaenda Kinshasa, likarudi. Wiki sita. Fundi Djamali akatoka mchana kweupe, mfuko begani, na badala ya kuelekea barazani kwake akapita ofisini kwa Consolée.

"Nimekuja kuaga, Mama Consolée. Naenda Wamaza kwenye kaburi, pikipiki inaningoja pale njiani. Nimesema siwezi kupita bila kukushukuru. Bila ile barua uliyopigania, ningeoza mule."

Angeweza kuyapokea maneno hayo. Shukrani ilikuwa imekwisha kutolewa, mtu alikuwa ana safari, na Magloire alikuwa amekwenda kula. Consolée alijiona jinsi alivyokuwa karibu kusema "si kitu, fundi", na akajichukia mpaka kwenye kucha.

"Hakuna barua iliyokutoa," alisema. "Barua haikuhitajika. Haijahitajika hata siku moja. Ni ombi tu, na ombi lako lilikuwa kabatini kwa shefu miezi yote ile. Mi ndiye nililikusanya."

Djamali alisimama na mfuko wake. Mkono wake ulishika fremu ya mlango, ukaiachia, ukaishika tena. Nje mwenye pikipiki alipiga honi. Aliposema, hakumtaja mama yake.

"Na wale wengine? Wale thelathini na tisa. Ya kwao iko wapi?"

"Iko mule mule."

"We ulijua tangu lini?"

Consolée alitaka kusema juu ya watoto wake, juu ya mkataba unaokwisha Desemba, juu ya jinsi alivyokuwa akingoja wakati mzuri wa kuzungumza na shefu. Yote yalikuwa kweli, na yote yalinuka kinywani mwake.

"Wiki sita," alisema.

Djamali hakumtukana. Alitoka mpaka njiani, akasema neno na mwenye pikipiki, na pikipiki ikazimwa. Kisha akarudi, akaweka mfuko wake chini, akaketi kwenye benchi la wanaongoja.

"Zitoe," alisema. "Nitakusaidia kuzibeba mpaka kwa yule mama. Kaburi haliendi mahali."

Consolée akainuka, akavuka ua hadi ofisini kwa Magloire, akaanza kutafuta ufunguo wa kabati.